Wasia wa Mwana Kupona wa Siyu

Mtu akipita Madale siku ya Jumamosi jioni, hakosi kusikia ngoma na vigelegele nyuma ya ukuta wa nyumba moja au nyingine. Mwali anafundwa. Ndani wamekusanyika mama zake, shangazi zake, somo wake na majirani, na kila mmoja humwambia lile alijualo juu ya nyumba, mume, wakwe na watu wa mtaani. Sisi wanaume hatuingii. Hukaa nje chini ya mwembe tukingojea pilau. Lakini twajua ya kuwa yasemwayo humo ndani ni elimu ya miaka mingi, nayo imekusanywa na wanawake waliotoka Kilimanjaro, Bukoba, Songea, Mtwara na Mrima, ambao leo wamekuwa majirani wa kuombana chumvi. Asubuhi yake turubai hukunjwa, viti hurudishwa kwa mwenye kukodisha, na maneno yale huwa yamekwisha. Hapana aliyeandika hata neno moja.

Jambo hilo ndilo lililotukumbusha habari za bibi mmoja wa kaskazini ya pwani yetu, ambaye zaidi ya miaka 160 iliyopita alikuwa na binti wa kufundwa, akaona maneno ya mdomo hayatoshi, akataka yaandikwe kwa wino. Bibi huyo ni Mwana Kupona binti Msham. Jina lake hutajwa sana na wasomi wa lugha, lakini wengi wanaolisikia hawajui alikuwa nani wala aliishi katika dunia ya namna gani. Twaona inafaa leo kuyasimulia maisha yake.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Kisiwa hicho ni kimoja katika visiwa vya Lamu, mbali kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Ndani yake imo miji mitatu ya kale: Pate, Siyu na Faza. Mji wa Pate ulikuwa umetajirika kwa biashara ya baharini, ukawa na nyumba za mawe zenye kuta za chokaa na milango ya kuchongwa, na watu wake walisifika kwa mavazi, vyombo na mashairi. Utenzi wa Tambuka, ambao ni miongoni mwa tenzi za kale kabisa tulizo nazo katika maandishi, uliandikwa huko Pate mwaka 1728. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika kisiwa kile alizaliwa mahali ambapo kutunga na kuandika kulikuwa sehemu ya malezi ya watu waungwana, wanaume na hata baadhi ya wanawake.

Lakini Mwana Kupona alizaliwa wakati ambapo utajiri ule ulikuwa ukienda zake. Mnamo miaka ya 1812 na 1813 watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walikwenda kupigana na watu wa Lamu, wakashindwa vibaya huko Shela. Watu wa Lamu, kwa kuogopa kisasi, waliomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Naye Seyyid Said alikuwa na jicho lake juu ya pwani yote. Alipopata mlango wa kuingilia hakuuacha. Tangu hapo mji mmoja baada ya mwingine uliingia chini ya bendera yake, hata mwishowe akahamishia baraza lake Unguja. Pate, iliyokuwa ikiogopwa, ikabaki ikigombewa na wengine.

Mji ambao haukukubali upesi ulikuwa Siyu. Siyu haukuwa mji mkubwa, ila ulikuwa na watu wa kazi. Mafundi wake walifua visu na panga, walishona viatu vya ngozi, walichonga viti na milango. Na waandishi wake walinakili misahafu kwa hati nzuri na kuipamba kwa rangi, na misahafu hiyo ingali ikitazamwa kwa mshangao na wataalamu wa leo. Mtawala wa mji huo alikuwa Sheikh Mataka, ambaye watu walimwita Bwana Mataka. Kwa muda wa miaka mingi bwana huyu alikataa kumnyenyekea Seyyid Said. Mwaka 1845 jeshi kubwa la Seyyid lilipelekwa kisiwani kumtia adabu, nalo lilishindwa na amiri wake akauawa. Habari hiyo ilienea pwani nzima, kwa maana halikuwa jambo la kawaida mji mdogo wa mafundi na waandishi kulirudisha nyuma jeshi la mtawala wa Oman na Unguja.

Huyo Bwana Mataka ndiye aliyekuwa mume wa Mwana Kupona. Yeye ndiye mke wake wa mwisho, naye alimzalia watoto wawili. Mmoja alikuwa binti, Mwana Hashima, aliyezaliwa mwaka 1841. Basi hesabu yenyewe yatuonyesha jinsi mama huyu alivyoishi: jeshi la Unguja liliposhuka kisiwani, mtoto wake alikuwa wa miaka mitatu au minne. Wale wanaodhani ya kuwa mwanamke wa nyumba ya kitawala alikaa tu juu ya kitanda cha kuchongwa huku akipepewa, na wafikirie hilo. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya mtu anayewindwa. Kila jahazi lililoonekana upeoni lingeweza kuwa limeleta bidhaa au limeleta vita.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki dunia. Kwa ajabu ya kudra, mwaka huo huo Seyyid Said naye alifariki, akiwa baharini kutoka Oman kurudi Unguja. Mahasimu wawili waliondoka pamoja, wakawaachia watoto wao ugomvi. Mwana Kupona akabaki mjane, na haukupita muda mrefu maradhi yakamshika. Kwa maneno yake mwenyewe katika utenzi wake, aliugua kwa muda upatao mwaka mzima. Aliona siku zake zinapungua, na mbele yake alikuwako binti wa miaka 17 hivi, asiye na baba, ambaye atakwenda kukaa katika nyumba ya mtu na mama yake hatakuwapo wa kumwuliza neno.

Hapo ndipo alipotunga. Ilikuwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani mwaka 1858. Anaanza kwa kumwita binti yake aje karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Jambo hili tunaomba wasomaji wetu walizingatie. Mama hakusema njoo usikilize tu. Alitaka karatasi iwepo. Alijua ya kuwa maneno ya mgonjwa husikizwa kwa machozi, na yaliyosikizwa kwa machozi husahaulika upesi, bali yaliyoandikwa hungoja mpaka siku yatakapohitajiwa.

Utenzi wenyewe una beti zipatazo mia moja, kwa Kiswahili cha visiwa vya kaskazini, na uliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama ilivyokuwa desturi. Kila ubeti una mistari minne mifupi. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unarudia kina kile kile tangu mwanzo hata mwisho wa utenzi. Mpango huo si wa pambo tu. Ni mpango wa kukumbuka. Mtu akisahau ubeti, kina humrudisha njiani, kama vile kamba ya ngazi inavyomwongoza mtu gizani. Mwana Kupona alichagua chombo ambacho kingeweza kubebwa kichwani hata pale ambapo karatasi ingepotea.

Maneno yake ameyaita hirizi, na tena ameyafananisha na kidani cha kuvaa shingoni. Anampa binti yake nasaha mahali pa lulu na marijani. Kwanza ashike dini. Kisha awe na adabu, ulimi wake uwe wa kweli, na awe mtu wa kupendeza watu kwa maneno mema. Halafu anamwambia ya kuwa kuna radhi tano ambazo mwanamke lazima azipate ili awe na amani duniani na akhera: radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Na juu ya hiyo ya tano ndipo anapokaa sana. Mume akilala asiamshwe kwa kelele. Apepewe. Anyolewe ndevu na kutiwa manukato. Nyumba iwe safi, na mwenyewe mke awe safi, amejipamba. Asitoke bila ya ruhusa, na akitoka asikawie njiani. Hapo tena anaingiza maisha yake mwenyewe, na sisi twaona ndipo penye moyo wa utenzi wote: anamsimulia binti jinsi yeye na marehemu walivyokaa pasipo ugomvi, na jinsi alivyoondoka duniani akiwa radhi naye. Mjane aliyefiwa miaka miwili nyuma amwambia mtoto ya kuwa nyumba ya baba yake, pamoja na vita vyote vilivyoizunguka, ilikuwa nyumba ya furaha.

Baada ya nasaha, utenzi unageuka kuwa dua. Anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, na kwa ajili yake mwenyewe anaomba apone. Jina lake lilikuwa Kupona, na hilo ndilo aliloliomba. Hakupewa kwa muda mrefu. Alifariki katika miaka ya 1860. Lakini kabla ya kumaliza aliwaita wanawake wote wausome utenzi wake na wayafahamu maana yake. Basi alijua ya kuwa wasia wa nyumba moja unaweza kuwa mali ya nyumba nyingi.

Sasa kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kwa kufumba macho. Wako wasomaji, na hasa dada zetu, watakaouliza: je, huyu ndiye wa kusifiwa, ambaye alimfunza binti kuwa mtumishi wa mume? Swali hilo ni la haki. Tena tuliongeze uzito: nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa na watumwa, na katika nasaha zake anamwonya binti asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Wale waliochota maji, waliopika na waliofua ili bibi apate nafasi ya kutunga, hawakuachiwa wino. Majina yao hatunayo, na kama walikuwa na maneno ya kuwaachia binti zao, yamekwenda na upepo. Utumwa katika pwani ile ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Taifa kama letu, lililosimama juu ya imani ya usawa wa binadamu, haliwezi kusoma sehemu hiyo na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Kuhusu mume na mke, wataalamu hawajapatana. Wako waliouchukua utenzi huu kuwa kanuni ya mke mwema. Waingereza wawili waliouchapa kitabu mwaka 1934, Alice Werner na William Hichens, waliupa jina hasa la namna hiyo. Wako wengine, kama Ann Biersteker wa Marekani aliyeandika mwaka 1991, waliotaka usomwe upya, wakisema ndani ya maneno ya utii mna mambo mengine juu ya lugha na uwezo wa mwanamke. Sisi hatudhani ya kuwa yatupasa kumfanya Mwana Kupona awe mtu wa zama zetu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake, na inakataza mmoja wa wanandoa kumpiga mwenzake. Binti wa Madale anayeolewa leo hana budi kuijua sheria hiyo kabla ya kujua namna ya kupepea. Lakini mama aliyekuwa akifa mwaka 1858 hakuwa na sheria ya kumwachia binti yake. Alikuwa na akili, ulimi, na maarifa ya jinsi ya kuishi salama katika nyumba ambayo mwenye nguvu ni mwingine. Alitoa alichokuwa nacho.

Wala hakuwa peke yake ulimwenguni katika jambo hili. Zaidi ya miaka 1,700 kabla yake, huko Uchina, katika zama za Han, aliishi bibi wa ukoo mkubwa aliyeitwa Ban Zhao. Alikuwa mtunga mashairi na mjane. Tena kaka yake, Ban Gu, alipofia gerezani mwaka 92 akiwa hajamaliza kuandika historia ya utawala ule, mfalme alimwita yeye aimalize. Aliwafundisha mabibi wa jumba la kifalme. Naye katika utu uzima wake, akiwa mgonjwa na akihofia mabinti wa nyumba yake watakaokwenda kwa waume, aliandika kitabu kidogo cha nasaha chenye sura saba. Humo naye amesisitiza unyenyekevu na utii, hata wasomaji wa leo humlaumu. Lakini humo humo alidai ya kuwa watoto wa kike wafundishwe kusoma kama wenzao wa kiume. Bibi wa Uchina na bibi wa Siyu hawakusikiana kamwe. Hata hivyo ugonjwa ule ule, hofu ile ile na mapenzi yale yale yaliwafikisha kwenye kalamu. Twaona basi ya kuwa jambo hili si la kabila wala la dini moja. Ni jambo la mzazi.

Tukirudi Siyu, yatupasa kueleza yaliyofuata, kwa maana ndiyo yanayotupa fundisho. Ugomvi na Unguja haukwisha. Mwaka 1863 Seyyid Majid, mwana wa Seyyid Said, aliuzingira mji na kuushinda. Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, alikamatwa akafungwa katika ngome ya Mombasa. Huo ukawa mwisho wa uhuru wa Siyu. Leo ngome ya mawe ingali imesimama pale ufukoni, na mji wenyewe ni kijiji tulivu. Baadaye Unguja nayo iliyoshinda ikawa chini ya Waingereza, na usultani wenyewe ukaondolewa na Mapinduzi ya mwaka 1964. Bunduki za Mataka zilinyamaza, na manowari za Seyyid zikaoza.

Karatasi ya Mwana Kupona haikuoza. Sifa ya hilo si ya mama peke yake. Nusu yake ni ya binti. Mwana Hashima aliishi miaka mingi sana, akafariki mwaka 1933, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Aliuona utawala wa Masultani, akauona wa Waingereza, akaiona Vita Kuu ya kwanza ikianza na kwisha. Katika muda huo wote wasia wa mama yake ulisomwa na kunakiliwa katika nyumba za Lamu, mkono kwa mkono, mwanamke kwa mwanamke. Waandishi wa Lamu, ambao mashuhuri wao alikuwa Muhammad Kijumwa, waliunakili kwa ajili ya wageni waliotaka kuujua. Bibi Werner aliyetajwa hapo juu aliuchapisha mara ya kwanza mwaka 1917, na kutoka hapo ukaingia katika vitabu na vyuo. Kama binti angeiweka karatasi ile ndani ya kasha na kuisahau, au kama mchwa wangeifikia mwaka wa kwanza, leo tusingekuwa na la kusimulia. Bwana Mataka angekuwa jina moja katika orodha ya watawala wadogo waliopigana na Seyyid. Wengi wetu tunamjua kwa sababu mkewe aliandika.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipotaka kufika. Sisi tumezoea kuhesabu urithi kwa kiwanja, nyumba na ng'ombe. Huko Madale, ambako miaka michache iliyopita palikuwa na mashamba ya mihogo na mikorosho, watu wanagombania mita moja ya mpaka hata kufikishana mahakamani, kwa kuwa kila mmoja anataka awaachie watoto wake kitu. Si vibaya. Lakini ni wangapi kati yetu wameandika kurasa mbili za yale waliyojifunza katika maisha, wakaziweka mahali mtoto atakapoziona? Nchi yetu ilifanya kazi kubwa ya elimu ya watu wazima. Mama zetu wengi walikaa chini ya miti jioni, daftari mapajani, wakajifunza kuandika majina yao. Ingekuwa hasara kubwa kama kalamu ile ingeishia katika kutia sahihi tu.

Hatusemi kila mama atunge utenzi. Wala hatusemi nasaha za mwaka 1858 zirudiwe neno kwa neno. Mama wa leo ana mengine ya kumwambia binti yake, na huenda mengi yakapingana na yale ya Siyu. Anajua jinsi alivyosomesha watoto watano kwa kuuza vitumbua. Anajua jinsi alivyomzuia mumewe asiuze shamba. Anajua dawa ya kikohozi, na namna ya kusema na hakimu, na kosa alilolifanya akiwa na miaka 20 ambalo hataki mwanawe alirudie. Mambo haya hayamo katika kitabu chochote. Yeye ndiye kitabu chake, na siku akizikwa kitabu kitazikwa naye.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, ngoma zitakapolia na mwali akaketishwa mkekani, tunawaomba mama zetu na dada zetu wafanye neno moja dogo. Mmoja wao, mwenye hati ya kusomeka, akae pembeni na daftari. Ayaandike ya bibi mzee kuliko wote, bila ya kuyapamba, pamoja na tarehe na jina lake. Na mwali apewe daftari hilo pamoja na vyombo na mashuka. Mwana Kupona alimwomba binti yake alete wino na karatasi. Hicho ndicho kitu tunachoweza kukileta hata sisi tunaokaa nje chini ya mwembe.